Mbuzi Kwenye Gunia: Upimaji wa Ng'ombe Kabla ya Mnada

Mhadhara kwa wafugaji na wachuuzi wa ng'ombe, Masieda, Mbulu



Nianze na jambo mnalolijua kuliko mimi: jinsi ng'ombe anavyonunuliwa. Mnunuzi hafiki akatoa fedha papo hapo. Kwanza humzunguka. Humtazama kwa nyuma aone mapaja yamejaa kiasi gani, humfunua mdomo ahesabu meno, hupitisha kiganja juu ya nundu. Akiwa mtamba, huinama kukagua chuchu. Akiwa maksai wa jembe, humtembeza hatua kumi aone anavyokanyaga. Dalali anasifu, mwenye mali ananyamaza, na bei inapanda na kushuka mpaka watu wapeane mikono. Kufikia hapo mnunuzi ameshamjua ng'ombe huyo kwa nje kuliko anavyomjua shemeji yake. Lakini mapafu yake hajayaona, wala damu yake. Mtu aliyenunua kitu bila kukikagua tunasema kauziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa gunia ni ngozi ya ng'ombe mwenyewe.

Nimeombwa nizungumzie sheria za upimaji wa magonjwa kwa anayepeleka ng'ombe sokoni. Nitazieleza. Ila niseme mapema ninakoelekea: kipimo kinachosubiri mpaka ng'ombe afike getini mwa mnada kimechelewa, na sheria inayomtia hasara mfugaji anayesema ukweli haitapata wa kuitii. Tukitaka ng'ombe wenye afya sokoni, lazima ukweli wa afya yao uanzie nyumbani, tena uwe na bei.

Sheria tuliyo nayo ni Sheria ya Magonjwa ya Mifugo, Namba 17 ya mwaka 2003. Kwa ufupi, inamtaka mwenye mifugo atoe taarifa anapohisi ugonjwa wa kutangazwa, inaipa serikali uwezo wa kuweka karantini, na inataka mifugo isisafirishwe ovyo bila kibali. Ndiyo maana mchuuzi anayepakia ng'ombe kwenda Pugu, Dar es Salaam, huwa na karatasi inayosema ng'ombe wametoka wapi, wanakwenda wapi na ni wangapi. Mwaka 2010 ikaja sheria nyingine, Namba 12, ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Hiyo ndiyo mama wa chapa na hereni mlizozisikia miaka ya karibuni.

Afisa mifugo mnadani anafanya nini basi? Anatazama kwa macho. Ng'ombe anayechechemea huku mate yanamtoka atamtilia shaka ya ugonjwa wa miguu na midomo. Mwenye mapele mwili mzima hatampitisha. Anayekohoa huku ameinyoosha shingo na kutanua viwiko, atauliza habari za homa ya mapafu. Kazi hiyo ni ya maana, na siidharau, kwa kuwa nimeifanya. Nakumbuka asubuhi moja, katika soko ambalo sitalitaja, nilipitisha fahali aliyenenepa vizuri, macho maangavu, pua imelowa inavyotakiwa. Siku chache baadaye, nikiwa machinjioni, mkaguzi wa nyama aliniita nitazame pafu. Alipolikata, kisu kilikwaruza kama kinapita kwenye mchanga: vinundu vigumu, ndani yake uji wa manjano. Kilikuwa kifua kikuu. Fahali yule alikuwa na chapa ambayo niliikumbuka vizuri sana, maana ni mimi niliyemgongea kibali mhuri.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza jicho linaweza kuona nini na haliwezi kuona nini. Historia ya ng'ombe wetu inajibu swali hilo vizuri, kwa visa vitatu.

Miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka kaskazini ya Afrika Mashariki na kufagia mazizi. Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, alipita nchi hizi mwaka 1892, na kule Ngorongoro aliwakuta Wamasai wakifa njaa baada ya ng'ombe wao kwisha. Hata hivyo sotoka ilikuwa adui asiyejificha: ng'ombe aliugua waziwazi, akafa au akapona, na aliyepona hakuendelea kuwaambukiza wenzake. Halafu ikapatikana chanjo nzuri, iliyotengenezwa na Walter Plowright pale Muguga, Kenya. Baadaye ikatolewa chanjo inayovumilia joto, na vijana wa kifugaji wakafundishwa kuwachanja ng'ombe hukohuko machungani. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka ya ng'ombe imetokomezwa. Kabla yake, ugonjwa pekee uliokuwa umefutwa duniani ni ndui ya binadamu.

Kisa cha pili ni cha ndigana kali. Mwaka 1901, Rhodesia, nchi tunayoiita Zimbabwe leo, ilikuwa inajaza upya mazizi yaliyoachwa matupu na sotoka. Ng'ombe wakanunuliwa pwani ya Afrika Mashariki, wakasafirishwa kwa meli mpaka bandari ya Beira. Kwa macho walikuwa wazima. Walikuwa wameshapona ndigana nyumbani kwao, ila vijidudu vilibaki katika damu. Kupe wa kule wakawanyonya, na ng'ombe wa kusini, wasioijua ndigana, wakaanza kuanguka kwa maelfu. Wazungu wakauita ugonjwa ule homa ya Pwani ya Mashariki, na mpaka leo vitabu vyao vinaiita hivyo. Pwani yetu imebaki na jina la ugonjwa kwa sababu ya biashara moja ambayo muuzaji hakudanganya wala mnunuzi hakuzembea. Walitazama wote, na hapakuwa na cha kuonekana.

Kisa cha tatu mnakikumbuka wenyewe. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imetoweka Tanzania tangu miaka ya 1960. Mwaka 1990 ikarudi kupitia Loliondo, na kutoka hapo ikasambaa kwa miguu ya ng'ombe, kutoka zizi hadi zizi, mnada hadi mnada. Ng'ombe anaweza kukaa nayo wiki kadhaa, hata miezi, kabla hajakohoa. Aliyepona naye anaweza kubaki na kipande cha pafu kilichooza, kimejifunga kama kitu kwenye kifuko. Siku kifuko kikipasuka, maambukizi yanaanza upya. Ni ng'ombe wa namna hiyo anayepita getini huku afisa akimtikisia kichwa kwamba sawa, pita.

Basi kwa nini tusipime kila ng'ombe palepale mnadani? Nimeulizwa hivi mara nyingi, na ni swali la haki. Jibu limo katika vipimo vyenyewe, kwa hiyo tuvitazame viwili kwa karibu.

Kipimo cha kifua kikuu ni cha ngozi. Unanyoa nywele sehemu ndogo ya shingo, unaukunja ule mkunjo wa ngozi na kuupima unene kwa kipimo kama koleo ndogo, unaandika namba. Kisha unachoma sindano ya tubakulini ndani ya ngozi, kiasi kidogo sana, na palepale panainuka kipele kama cha mbu. Halafu unamwachia mwenye ng'ombe ng'ombe wake. Unarudi baada ya saa 72, unapima unene tena. Ngozi ikiwa imevimba kupita kiwango, ng'ombe huyo mwili wake umeshakutana na kijidudu. Siku tatu, tena ng'ombe yuleyule, tena mpimaji awe na kumbukumbu ya namba ya kwanza. Mnada wetu unaanza asubuhi na jioni umekwisha. Kipimo cha siku tatu hakiwezi kuingia katika soko la siku moja.

Kipimo cha pili ni cha ugonjwa wa kutupa mimba, unaoitwa bruselosisi. Unachukua damu, unaiacha ijitenge, unachota tone la maji yake juu ya kigae cheupe, unalichanganya na tone la dawa ya rangi ya waridi. Unakitikisa kigae taratibu kwa dakika 4. Damu ikiwa safi, mchanganyiko hubaki laini kama maziwa ya waridi. Ikiwa na maambukizi, utaona chembechembe zikigandamana kama maziwa yaliyokatika. Hiki chaweza kufanyika hata chini ya mti. Ila nacho kina mtego: mtamba aliyechanjwa bruselosisi anaweza kuonekana mgonjwa kwenye kigae hicho, kumbe ni chanjo inayosema. Usipojua historia ya mtamba huyo, kipimo kitamsingizia. Na historia haipatikani getini. Ipo nyumbani kwake.

Nchi zilizofika mbali zimeligundua hilo. Uingereza, tangu mwaka 2006, mfugaji wa maeneo yenye kifua kikuu kingi hupima ng'ombe wake akiwa bado shambani, na majibu yawe hayajapita siku 60 siku anapomhamisha. Ng'ombe akikutwa na ugonjwa, haendi popote, anachinjwa, na serikali humlipa mwenyewe fidia. Hapo kuna mambo matatu pamoja: kipimo cha nyumbani, cheti chenye muda, na fidia. Ukiniletea mawili ukaacha la tatu, sheria itachechemea.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa biashara hulisahau. Mnunuzi wa kwanza wa ugonjwa wa ng'ombe hayupo Pugu wala Arusha. Ni mtoto wako. Katika nyumba nyingi za ukanda huu, ndama na hata ng'ombe wakubwa hulala chini ya paa moja na watu, kwa sababu ya baridi, wezi na fisi. Maziwa hunywewa yakiwa mabichi au yamegandishwa kwenye kibuyu, na kugandisha hakuui kijidudu kama kuchemsha. Watafiti wetu, wakiwamo Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Sayoki Mfinanga, walifanya kazi kubwa katika uliokuwa mkoa wa Arusha, ambao Mbulu na Hanang zilikuwa sehemu yake kabla ya Manyara kuzaliwa mwaka 2002. Miongoni mwa wagonjwa waliovimba matezi ya shingo walikutwa wenye kifua kikuu cha ng'ombe hasa, kijidudu kilichotoka zizini. Na bruselosisi kwa binadamu ni homa inayopanda na kushuka, viungo vinauma, jasho la usiku. Mgonjwa anameza dawa za malaria mara tatu, nne, na hapati nafuu, kwa sababu anatibiwa ugonjwa asio nao.

Ng'ombe akitupa mimba, tunafanya nini? Kijana anashika kwa mikono mitupu, mbwa wanakula kondo, na ng'ombe mwenyewe, kwa kuwa amekuwa hana faida, anapelekwa mnadani. Hapo ndipo ugonjwa unapohama. Wazee wa Kiiraqw mliokaa hapa mbele mna desturi ya metimani: nyumba iliyopatwa na msiba au na tukio zito hutengwa kwa muda, watu wake hawaingiliani na wengine mpaka wakati utimie. Sikuja hapa kuwahubiria mila. Nasema tu kwamba kujitenga kwa ajili ya usalama wa jirani hakukuletwa na wazungu katika nchi hii. Ng'ombe aliyetupa mimba anastahili metimani yake: atengwe, kondo lizikwe au lichomwe, maziwa yachemshwe, apimwe. Na asiende sokoni mpaka jibu lijulikane.

Nilipomwambia mzee mmoja maneno haya, aliniangalia kwa muda, akasema, "Daktari, mwanangu, ukinipimia ng'ombe wangu ukaniambia ana kifua kikuu, nani atamnunua? Usiponipimia, nitamuuza kesho." Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo miaka, na naona kwamba ndilo swali lote. Tuna methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali haisemi kwa nini mtu huyaficha. Mfugaji haufichi ugonjwa kwa uovu. Anaficha kwa hesabu: karo ya shule, mahindi ya mwezi ujao, deni la dukani. Ukweli unamgharimu ng'ombe mzima, na uongo haumgharimu kitu. Sheria ikija kwa mtindo huo, itamfundisha kuuza mapema, usiku, kwa njia za panya.

Zipo njia za kuibadilisha hesabu hiyo, na mbili kati yake zimeshaonekana zikifanya kazi.

Ya kwanza ni ya Mdenishi Bernhard Bang, daktari wa mifugo wa miaka ya 1890, yule aliyekigundua pia kijidudu cha kutupa mimba mwaka 1897. Bang hakuamuru ng'ombe wote wenye kifua kikuu wauawe, maana wakulima wa Denmark wangefilisika. Aliwapima, akawatenga wagonjwa upande mmoja na wazima upande mwingine, na ndama waliozaliwa na wagonjwa akawaondoa mapema na kuwanywesha maziwa yaliyochemshwa. Wakakua wazima. Zizi likajisafisha polepole kwa kizazi kipya, huku mkulima akiendelea kuishi. Nchi isiyo na fedha za fidia ina mengi ya kujifunza hapo. Mfugaji wa Masieda mwenye ng'ombe 12 anaweza kujenga uzio wa miiba wa pili. Hawezi kuwachinja 4 bure.

Ya pili ni ya nyumbani kwetu kabisa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wamekuwa wakichanja ndama dhidi ya ndigana kali, ile chanjo inayokwenda pamoja na sindano ya dawa. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni. Kilichotokea baadaye hakikuamriwa na wizara yoyote: mnadani, ndama mwenye hereni akaanza kupata bei kubwa kuliko mwenzake asiye nayo. Mnunuzi alijua kwamba huyu hatakufa kwa kupe. Hapo mfugaji akaitafuta chanjo kwa fedha yake mwenyewe. Ukweli uliotundikwa sikioni ulipata bei, na watu wakaufuata bila kusukumwa. Nikitafuta ushahidi kwamba mfugaji wetu anaweza kupenda upimaji, sihitaji kwenda Ulaya.

Na ipo maabara kubwa ambayo tayari tunayo na hatuitumii: machinjio. Kila siku mkaguzi wa nyama anakata mapafu na matezi, anaona yaliyofichwa na gunia. Akikuta vinundu vya kifua kikuu, anatupa kiungo, na habari inaishia kwenye pipa. Yule mwenye zizi alikotoka ng'ombe, ambaye pengine amebaki na wengine watano wanaokohoa kimyakimya karibu na watoto, hapati hata ujumbe wa simu. Hereni yenye namba, ile ya sheria ya 2010, ingeweza kuurudisha ukweli huo nyumbani. Najua hereni imezua manung'uniko. Watu walikataa kulipia kitu wasichoona faida yake, na wengine walihofu ni mlango wa kodi. Hofu hiyo itaondoka siku mfugaji wa kwanza atakapopigiwa simu kutoka machinjioni akaambiwa: zizi lako lina tatizo, daktari anakuja kupima, hatuji kukutoza faini.

Mwanzo umeshafanyika. Mwezi Juni 2025, kule Bariadi, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Serikali inachangia gharama, mfugaji analipa shilingi 500 kwa ng'ombe, na chanjo ya ng'ombe ni ya ile homa ya mapafu iliyorudi mwaka 1990. Wengi hawajui kwamba aina ya chanjo hiyo inayotumika Afrika nzima, T1/44, mbegu yake ilipatikana Tanganyika mwaka 1951, ikapitishwa kwenye mayai mara 44 mpaka ikapungua ukali. Dawa ilitoka kwetu. Itakuwa aibu ugonjwa ututawale.

Basi ombi langu kwenu ni dogo na la karibu. Kila kijiji kiwe na daftari la mazizi: nani amechanja, lini, ng'ombe gani ametupa mimba. Afisa mifugo asisubiri siku ya mnada. Apange zamu ya kupima zizi kwa zizi, arudi baada ya saa 72 kusoma majibu. Zizi lililopimwa na kuonekana safi lipewe cheti, na halmashauri, inayokusanya ushuru wa minada yetu ya awali, impunguzie ushuru mwenye cheti hicho. Mkikubaliana hayo katika mkutano wa kijiji, hamtahitaji kusubiri sheria mpya. Na nyinyi wachuuzi, mwulizeni muuzaji cheti kabla hamjaangalia meno. Siku mtakayofanya hivyo, upimaji utakuwa umepata nguvu ambayo afisa yeyote mwenye mhuri hana.

Yule mzee bado yuko hai, na bado ana ng'ombe. Nikikutana naye tena, natamani niweze kumwambia: mzee, ng'ombe aliyepimwa akaonekana mzima ana bei nzuri kuliko uliyopata mwaka jana, na aliyeonekana mgonjwa tunajua pa kumweka. Leo siwezi kumwambia hivyo. Sehemu ya kwanza ya jibu mnayo nyinyi wanunuzi, na ya pili iko kwetu tunaoshika sindano na daftari.